Ufa wa Boriti Hauzibwi kwa Rangi

Alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, ardhi ya Mkoa wa Kagera ilitikisika kwa nguvu ambazo wakazi wake wengi walikuwa hawajapata kuziona. Tetemeko hilo lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na chanzo chake kilikuwa takriban kilometa 40 chini ya ardhi, upande wa Wilaya ya Missenyi, karibu na mpaka wa Uganda. Watu wasiopungua 16 walipoteza maisha, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, ambazo zimesomesha vizazi vya vijana wa Kagera na wa mikoa mingine, ziliharibika kiasi cha kufungwa, na ikabidi zijengwe upya.

Taifa lilijionea nyumba zilizoanguka. Viongozi walizitembelea, magazeti yakazipiga picha, na michango ikakusanywa kwa ajili ya waliokosa mahali pa kulala. Hilo lilikuwa jambo jema na la lazima. Lakini jengo lililoanguka haliwezi tena kumwua mtu. Linalostahili kuogopwa ni lile lililopasuka likabaki wima, kisha likapigwa plasta, likapakwa rangi, na watu wakarudi kukaa ndani yake. Majengo ya namna hiyo hayapigwi picha, na kadiri miaka inavyopita ndivyo watu wanavyozidi kusahau mahali nyufa zake zilipokuwa.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo huo ni wa kweli, ila una sharti moja ambalo husahauliwa: ufa uzibwe kwa kitu chenye uwezo wa kuchukua mzigo ambao ukuta au boriti imeshindwa kuuchukua. Ufa uliofunikwa kwa plasta ya sentimeta moja haukuzibwa, bali umefichwa tu. Mhandisi hawezi kuuona, mwalimu mkuu hana habari nao, na mwanafunzi anayeketi chini yake hana namna ya kujua kwamba juu ya kichwa chake pana zege lililokwisha kukatika.

Boriti hufanyaje kazi

Yafaa jambo hili lielezwe kinagaubaga, maana wengi hudhani kwamba zege ni jiwe, na jiwe halina udhaifu. Zege ni imara sana linapokandamizwa, lakini linapovutwa huwa dhaifu. Nguvu zake za kuhimili mvuto ni takriban sehemu moja tu katika kumi ya nguvu zake za kuhimili mkandamizo. Boriti, au bimu kama mafundi wengi waiitavyo, inapobeba sakafu au paa hupinda kidogo kuelekea chini. Upande wake wa juu hukandamizwa na upande wa chini huvutwa. Ndiyo maana nondo huwekwa chini, mahali ambapo zege peke yake lingepasuka. Karibu na nguzo, mzigo hutaka kuikata boriti kwa mshazari, na hapo kazi ya kuzuia hufanywa na ringi zinazozizunguka nondo.

Elimu hii si ngeni kwa wananchi wa Kagera, ingawa hawakuisoma katika vitabu vya uhandisi. Anayejenga nyumba ya udongo na fito huko Muleba anajua kwamba udongo mtupu hupasuka na kumomonyoka, na fito tupu hazizuii upepo. Vikiunganishwa, udongo hubeba mkandamizo nazo fito hushika mvuto. Nyumba ya msonge ya Wahaya, iliyofumwa kwa fito na matete na kuezekwa kwa nyasi, ilikuwa nyepesi, na wepesi wake ulikuwa kinga, kwa sababu tetemeko huadhibu uzito. Nyumba za matofali ya kuchoma na za mawe yaliyoungwa kwa tope zilipochukua nafasi yake, uzito uliongezeka, lakini mara nyingi kile kitu cha kushika mvuto kiliachwa nyuma.

Nyufa za boriti husema lugha yake, na kila msimamizi wa jengo la umma angefaa kujifunza lugha hiyo. Nyufa nyembamba zinazopanda wima kutoka chini, katikati ya boriti, huonyesha kwamba boriti inapinda. Zikiwa nyembamba kama unywele huenda zisiwe hatari, kwani kanuni nyingi za usanifu huvumilia ufa wa hadi milimeta 0.3 hivi. Nyufa za mshazari karibu na nguzo ni jambo jingine kabisa. Hizo huonyesha kwamba boriti inataka kukatika, na mkato wa namna hiyo huja ghafla, pasipo kuwapa watu nafasi ya kukimbia. Aina ya tatu ni nyufa zinazofuata urefu wa nondo, mara nyingi zikiwa na madoa mekundu. Hizo ni dalili ya kutu.

Kutu hii ni adui wa pekee katika mji wa Bukoba. Mji huo hupata mvua ya takriban milimeta 2,000 kwa mwaka, nao ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi zaidi nchini. Nondo iliyofunikwa na zege zima hulindwa na ukali wa saruji, ambao huzuia kutu isianze. Ufa ukifunguka, maji na hewa huingia na ulinzi huo huondoka. Chuma kinapogeuka kutu huvimba, nafasi kinayohitaji huwa kubwa mara kadhaa kuliko ile ya awali, na zege linalokifunika hubanduka vipande vipande. Kwa hiyo boriti iliyopasuka mwaka 2016 ikaachwa vivyo hivyo haikubaki katika hali ile ya mwaka 2016. Kila masika na kila vuli imepungua nguvu, hata kama ardhi haikutikisika tena.

Na hakuna ajuaye siku ambayo ardhi itatikisika tena. Kagera iko jirani na tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Mwezi Machi 1966 tetemeko la Toro, nchini Uganda, liliua watu zaidi ya mia moja. Tarehe 5 Desemba 2005 Ziwa Tanganyika lilitikisika kwa ukubwa wa 6.8. Mwezi Februari 2008 ikawa zamu ya eneo la Ziwa Kivu, Bukavu na kusini-magharibi ya Rwanda. Mkoa uliozungukwa na historia kama hiyo hauna haki ya kulihesabu tetemeko la mwaka 2016 kuwa ajali iliyopita.

Dawa za zamani

Dawa ya kwanza inayotajwa ni kubomoa na kujenga upya. Yako majengo yanayostahili hukumu hiyo, na kuyaonea huruma ni kuwaonea wanaokaa ndani yake. Lakini shule, zahanati, ofisi na soko havibomolewi kwa mpigo, maana watoto hawawezi kusubiri chini ya migomba, na saruji inayotumika Kagera husafirishwa kutoka mbali. Wilaya ambayo dawa yake ni moja tu, ya kubomoa, mwishowe haibomoi wala haitengenezi.

Dawa ya pili ni kuivalisha boriti koti la zege jipya lenye nondo mpya. Dawa hii ni ya kuaminika, nayo imetumika duniani kote kwa miaka mingi. Ubaya wake ni uzito. Koti hilo mara nyingi huwa na unene wa sentimeta 7 hadi 10 kila upande. Chumba hupungua, nguzo na msingi huongezewa mzigo, na katika nchi ya matetemeko mzigo ulioongezwa juu ya jengo ni deni litakalodaiwa siku ya mtikisiko.

Dawa ya tatu ni kubandika chini ya boriti bapa la chuma, au utepe wa nyuzi za kaboni, kwa gundi kali ya viwandani. Utepe huo ni mwembamba na una nguvu za ajabu. Lakini gundi yenyewe hulegea joto linapofika nyuzi 60 hadi 80 za Selsiasi, hivyo moto mdogo huweza kuibandua. Aidha haipendi kupakwa juu ya zege lenye unyevu, na huziba vinyweleo vya zege hata mvuke ukakosa pa kutokea. Gundi hiyo pia hudhuru ngozi na pumzi ya fundi asiye na kinga. Kwa mji wenye mvua kama Bukoba, masharti hayo ni magumu.

Kitambaa ndani ya saruji

Kutokana na matatizo hayo ndipo wahandisi wa nchi kadhaa, hasa tangu miaka ya 1990, walipoligeukia wazo jingine: kuacha gundi, kurudi kwenye saruji, na kuiwekea saruji hiyo kitambaa ndani yake. Kitambaa hicho si cha nguo. Ni wavu uliofumwa kwa nyuzi za kaboni, za kioo au za jiwe la basalti, wenye matundu ya sentimeta moja au mbili ili udongo wa saruji upenye na kuukumbatia pande zote. Tabaka moja huwa na unene wa sentimeta moja hivi, na matabaka mawili au matatu hayafiki sentimeta tatu. Nyuzi hizo haziingii kutu, kwa hiyo hazihitaji kufunikwa kwa saruji nene kama nondo.

Wazo lenyewe lina asili ndefu. Mfaransa Joseph Lambot alitengeneza mashua ya saruji na wavu wa waya mwaka 1848, kabla zege la nondo halijawa jambo la kawaida. Katika karne ya 20 Mwitaliano Pier Luigi Nervi alijenga mapaa makubwa kwa saruji nyembamba yenye nyavu za chuma. Katika miji ya Dresden na Aachen, Ujerumani, utafiti mkubwa wa zege la vitambaa uliendeshwa kuanzia mwaka 1999, na mwaka 2006 paa la zege la chuo cha Schweinfurt liliimarishwa kwa tabaka jembamba la namna hiyo. Marekani ilitoa mwongozo wake wa usanifu mwaka 2013. Italia, nchi iliyopata maafa ya tetemeko la L'Aquila mwaka 2009, ilitoa wake mwaka 2018. Kwa hiyo hili si jaribio la mtu mmoja. Ni ufundi wenye kanuni zilizoandikwa.

Kazi yenyewe haimtishi fundi mzoefu. Kwanza jengo hutegemezwa ili boriti ipumzike. Zege bovu hugongwa kwa tindo mpaka lipatikane zege zima, nondo husuguliwa kutu, na mahali palipoliwa hujazwa. Uso wa boriti hukwaruzwa ili ushike, na pembe zake huviringishwa, kwa kuwa pembe kali hukata nyuzi. Kisha boriti huloweshwa, tabaka la kwanza la saruji hupakwa kwa mwiko, wavu hukandamizwa ndani yake ungali mbichi, na tabaka la pili hufuata. Ikiwa boriti ina nyufa za mshazari, wavu huizunguka kwa umbo la hori, chini na pande zote mbili, ili ufanye kazi ya ringi. Mwisho, kazi hufunikwa na kumwagiwa maji kwa siku zisizopungua saba. Fundi anayejua kupiga plasta vizuri amekwisha kujua zaidi ya nusu ya kazi hii.

Lakini nusu iliyobaki ndiyo inayookoa maisha, na hapa yafaa watu wasidanganyike. Dawa hii ina mipaka minne.

Mpaka wa kwanza ni zege la zamani. Kama boriti ilijengwa kwa zege hafifu, lenye mchanga mwingi na saruji kidogo, tabaka jipya litabanduka na ngozi ya zege la zamani. Huwezi kuimarisha kilichooza.

Mpaka wa pili ni uwiano. Boriti iliyoongezewa nguvu za kutopinda bila kuongezewa nguvu za kutokatika hubadilishiwa tu namna ya kufa. Badala ya kupinda polepole na kutoa onyo, itakatika ghafla. Hesabu ya mhandisi haiwezi kurukwa.

Mpaka wa tatu ni nyuzi zenyewe. Uzi mmoja wa kitambaa ni mkusanyiko wa nyuzi ndogo mamia au maelfu. Saruji hushika zile za nje, na zile za ndani huteleza. Kwa hiyo nguvu inayoandikwa na kiwanda juu ya karatasi haipatikani yote ndani ya boriti. Vilevile kioo cha kawaida huliwa na ukali wa saruji. Kioo kinachofaa ni kile kilichochanganywa na zirkonia, ambacho kilibuniwa Uingereza kuelekea miaka ya 1970. Mfanyabiashara akileta wavu wa kioo cha kawaida kwa bei nafuu, macho hayawezi kutofautisha. Maabara peke yake ndiyo yenye uwezo huo.

Mpaka wa nne ni mkubwa kuliko yote. Nyumba nyingi zilizoanguka Kagera hazikuangushwa na boriti mbovu. Zilianguka kwa sababu kuta zake zilijengwa kwa matofali au mawe yaliyoungwa kwa tope, bila lenta ya kuzifunga pembe zote nne. Kwa nyumba hizo, kuzungumza juu ya boriti ni kuruka hatua. Zinachohitaji kwanza ni lenta inayozunguka nyumba nzima, na kuta zinazoshikwa na wavu. Hata huko dunia imekwisha kutoa mifano. Nchini Peru wahandisi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Lima wamefunga kuta za udongo kwa nyavu za plastiki na kuzijaribu juu ya meza inayotikiswa. Chuo Kikuu cha Tokyo nacho kimefundisha namna ya kusuka nyavu kwa mikanda ya plastiki ya kufungia mizigo, ile ambayo huonekana kila siku katika maduka ya jumla. Kanuni ni ile ile ya fito na udongo: kitu cha kushika mvuto kikae pamoja na kitu cha kubeba mkandamizo.

Mkonge na ahadi yake

Msomaji atauliza kwa haki: nyuzi za kaboni zinatoka ng'ambo, basalti inatoka ng'ambo, je, nchi hii haina nyuzi zake? Inazo. Mkonge uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Na wala hili la kutia singa katika saruji si wazo la jana. Mwaka 1985 Burton Mwamila, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha katika jarida la kimataifa utafiti juu ya kutumia nyuzi za asili zilizosokotwa kama uimarisho mkuu wa boriti za zege. Miaka miwili kabla ya hapo, nchini Sweden, mtafiti Hans-Erik Gram alikuwa ameeleza kwa nini singa za mkonge huchakaa zikiwa ndani ya saruji: maji makali ya saruji huyeyusha kile kinachounganisha chembe za singa, na baada ya muda singa hukatika kama majani makavu.

Basi ugonjwa umejulikana kwa zaidi ya miaka 40, na dawa yake pia imeanza kujulikana. Watafiti wa Rio de Janeiro, Brazili, nchi nyingine kubwa ya mkonge, wamepunguza ukali wa saruji kwa kuondoa sehemu yake na kuweka udongo mweupe wa kaolini uliochomwa. Tanzania inayo kaolini Pugu, karibu na Dar es Salaam. Majivu ya makapi ya miwa, yakichomwa na kusagwa ipasavyo, huweza kufanya kazi inayofanana na hiyo, na Kagera ina kiwanda cha sukari katika Wilaya ya Missenyi. Vitu vimo nchini. Kilichokosekana ni mkono wa kuvikutanisha.

Hata hivyo shauku isitangulie ushahidi. Boriti ya darasa au ya wodi ya wazazi haipaswi kuwa mahali pa kujaribia mkonge. Hapo nyuzi zitumike zile zilizothibitishwa, hata kama zimenunuliwa nje, kwa kuwa kiasi kinachohitajika kwa boriti moja ni kidogo na uhai wa mtoto haununuliwi tena. Mkonge uanzie kwenye kuta, kwenye mabanda, kwenye vigae na kwenye maabara. Boriti zake zipakiwe mzigo, ziloweshwe na kukaushwa mara nyingi, na matokeo yatangazwe. Ukifaulu, upande cheo. Kujitegemea ni kupima kilicho chako kwa kipimo kile kile kinachotumika kupimia cha wengine, na anayekisifu kabla ya kukipima anajidanganya.

Wajibu wa kila mmoja

Jambo la kwanza linalotakiwa Bukoba na Muleba ni daftari, na fedha nyingi hazihitajiki. Kila jengo la umma lililokuwapo kabla ya tarehe 10 Septemba 2016 lingestahili kukaguliwa, boriti kwa boriti, na plasta kubanduliwa mahali ambapo ilipigwa baada ya tetemeko. Wahandisi wa halmashauri hawatoshi kwa kazi yote hiyo kwa mara moja, lakini walimu wakuu na waganga wafawidhi wanaweza kufundishwa kwa siku moja kutambua aina tatu za nyufa na kuzitolea taarifa. Ufa wenye shaka huwekewa kibandiko chembamba cha plasta au kipande cha kioo juu yake, na tarehe huandikwa pembeni. Kibandiko kikikatika, ufa unatembea. Kipimo hicho ni rahisi kiasi kwamba hakuna ofisi inayoweza kujitetea kwa kukosa fungu.

Jambo la pili ni kupanga kwa haki. Daftari likikamilika, yatakuwapo majengo ya kubomoa, ya kuvalisha koti, ya kutia kitambaa, na ya kuacha yalivyo. Mgawanyo huo ufanywe na wahandisi waliosajiliwa, na uwekwe wazi kwenye mbao za matangazo ili wazazi wausome. Jengo lisiwahi foleni kwa sababu liko barabarani ambapo mgeni hulipita, wakati zahanati ya kisiwani au ya vilima vya Kamachumu inangoja.

Jambo la tatu ni mafundi. Vyuo vya ufundi stadi vingefaa kuifundisha kazi hii pamoja na somo la plasta, na mazoezi yafanyike juu ya boriti halisi za majengo yaliyokwisha kuhukumiwa kubomolewa. Boriti ya zamani ikiimarishwa kisha ikapakiwa mzigo mpaka ivunjike mbele ya wanafunzi, somo hilo halitasahaulika. Buhaya ni nchi ya mafundi. Uchimbaji wa mambo ya kale uliofanyika Katuruka, Bukoba Vijijini, katika miaka ya 1970 ulifukua tanuri za kuyeyushia chuma za tangu takriban miaka 2,000 iliyopita, na waliozitumia walijua kuupima moto bila kuwa na kipimajoto. Wajukuu wa watu hao hawatashindwa na wavu na mwiko.

Wako watakaosema kwamba tetemeko ni amri ya Mungu. Ni kweli kwamba hakuna binadamu aliyeamuru ardhi itikisike. Lakini ringi zilizopunguzwa katika boriti ili kuokoa chuma, saruji iliyoibwa usiku kwenye eneo la ujenzi, na plasta iliyopigwa juu ya ufa ili mkaguzi apite haraka, hayo hayakuamriwa mbinguni. Kila moja ina mtu aliyeitenda na mwingine aliyeitazama akanyamaza.

Wako pia watakaosema kwamba majengo hayo yamesimama kwa miaka mingi tangu tetemeko, na hilo ni ushahidi wa uimara wake. La hasha! Boriti hubeba mzigo wa kila siku kwa akiba iliyonayo. Tetemeko la mwaka 2016 lilikula sehemu ya akiba hiyo, na kutu imekuwa ikila nyingine bila kelele. Jengo lililosimama jana limethibitisha tu kwamba liliweza mzigo wa jana.

Fedha zitakazotumika kukagua na kuimarisha ni chache zikilinganishwa na gharama ya kujenga shule nzima upya, kama ilivyolazimu kufanywa Ihungo na Nyakato. Lakini hata kama zingekuwa sawa, hesabu isingekuwa sawa, kwani shule zile zilipasuka siku ya Jumamosi alasiri. Kila mzazi wa Bukoba na Muleba ajiulize ingekuwaje kama ardhi ingetikisika Jumatatu saa nne asubuhi, madarasa yote yakiwa yamejaa. Siku hiyo haijaandikwa popote kwamba haitafika. Plasta na ibanduliwe sasa, nyufa zionekane, na kila boriti ipewe dawa inayolingana na ugonjwa wake.